Mvua ya Jumatano na Jumamosi

Mkuu wa chuo wa sasa, ambaye nilimfundisha kukamua ng'ombe kabla hajawa mkuu wa mtu yeyote, ameniomba niandike kurasa chache kwa ajili ya wakufunzi wapya. Anasema mnataka kujua mambo yalivyokuwa zamani. Sina hakika kama mnataka, lakini nimestaafu, asubuhi zimekuwa ndefu, na kahawa yangu haihitaji kupaliliwa kila siku. Vyeo nilivyopanda havitamsaidia mtu, na mshahara wangu wa kwanza utawachekesha bure, kwa hiyo hivyo nitaviruka. Nitasema juu ya klabu za wanafunzi, kwa sababu huko ndiko nilikojifunzia kazi, na huko ndiko nilikofanya kosa ambalo likinijia hadi leo nasimama katikati ya mgomba na mgomba nikisema peke yangu.

Chuo chetu kilikuwa kidogo wakati ule. Kilikuwa juu ya Akheri, pale barabara inapokata tamaa: mabweni mawili, bwalo, madarasa manne ya mbao, zizi, na bustani ya mboga iliyolimwa na wanafunzi waliochelewa mstarini. Kila mwanafunzi mpya alikuja na jembe lake, ndoo yake na blanketi mbili. Wa kutoka Dodoma na Tabora walikuja na blanketi moja, na wiki ya pili waliandika barua nyumbani kuomba ya pili. Mimi nilikuja na sanduku la bati na mwavuli, maana nilifika siku ya mvua kubwa, na mwavuli huo ndio ulioamua maisha yangu.

Ilikuwa hivi. Siku ya tatu kulikuwa na kikao cha wakufunzi. Mlezi wa Klabu ya Hali ya Hewa alikuwa amehamishwa, na mkuu wa chuo wa wakati huo, mtu mrefu mwenye sauti ya chini aliyechukia mambo yanayoning'inia, akatazama mezani kutafuta mrithi. Wote walikuwa wameinamisha vichwa. Mimi nilikuwa mgeni, sikujua kwamba panainamiwa. "Wewe mwenye mwavuli," akasema, "utachukua Hali ya Hewa." Nilikuwa mtu wa mifugo. Nikamweleza hivyo. Akasema ng'ombe nao hunyeshewa.

Klabu zilikuwa lazima. Kila Alhamisi alasiri kengele ililia na mwanafunzi asiyekuwa na klabu alipewa kwanja akafyeke. Palikuwa na Klabu ya Mdahalo, ambayo kila muhula ilibishania kama ng'ombe wa kisasa ni bora kuliko wa kienyeji, na kila muhula wa kisasa alishinda kwa sababu jaji nilikuwa mimi. Palikuwa na Klabu ya Ngoma. Hao waliomba kufanyia mazoezi karibu na zizi, kwa kuwa pana uwanja mzuri. Mkufunzi mwenzangu akasema kelele zitapunguza maziwa. Nikasema hebu tupime. Nikapima wiki mbili na ngoma na wiki mbili bila ngoma, na maziwa hayakujali kabisa, isipokuwa ng'ombe mmoja mzee ambaye nadhani aliipenda. Nawaambia haya ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilipenda kujua. Ndiyo maana yaliyofuata yananiuma zaidi.

Palikuwa pia na Klabu ya Miti, yenye wanachama wengi kuliko zote kwa sababu baada ya kupanda waliruhusiwa kukaa. Wao ndio waliozungushia kiwanja chetu cha vipimo migrevilea, miaka michache kabla sijafika, wakiwa na nia njema. Miti ile iliota upesi. Mimi niliifurahia kwa kivuli. Ndani ya kiwanja hicho, karibu na uzio, ndipo kilipokaa kipimamvua, chombo cha bati chenye faneli juu na chupa ndani. Maji ya mvua huingia kwenye faneli, hutiririka kwenye chupa, na mwanafunzi wa zamu huyamimina kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, akasoma, akaandika kwenye daftari, akamwaga. Kazi ya dakika tatu. Ilifanywa saa tatu kamili asubuhi, siku zote, hata Krismasi kama kuna mtu.

Wanachama walikuwa sita na siku za wiki ni saba, kwa hiyo mmoja alibeba siku mbili. Alikuwa Zuhura Athumani, binti wa fundi cherehani wa Ngarenaro mjini. Siku yake ilikuwa Jumatano, na Jumamosi aliichukua kwa kuwa hakuna aliyeitaka, wenzake wakishuka soko la Tengeru mapema. Alikuwa msichana mwembamba, asiyesema sana, mwenye mwandiko ulionyooka kuliko wangu. Mwenyekiti wa klabu alikuwa Lomayani, kijana wa Oldonyosambu, mcheshi, anayependwa na wapishi. Hilo la wapishi lishikeni, lina kazi yake. Mwanafunzi wa zamu aliruhusiwa kutoka darasani dakika kumi saa tatu asubuhi, na njia ya kwenda kiwanjani ilipita dirisha la jikoni.

Sasa kesi yenyewe. Mwaka wangu wa tatu, katikati ya baridi ya Julai, alikuja afisa kutoka mkoani kukagua vyuo. Aliangalia zizi, akasifu. Akaangalia daftari la mvua, akarudi ukurasa nyuma, akaenda mbele. Kisha akaanza kucheka.

"Mwalimu," akaniambia, "huku kwenu mvua ina ratiba?"

Nikasogea. Alikuwa anaonyesha kwa kidole. Wiki nne za kiangazi, na kila siku pameandikwa sifuri, sifuri, sifuri, isipokuwa Jumatano na Jumamosi. Kila Jumatano palikuwa na mvua kidogo. Kila Jumamosi palikuwa na mvua kidogo, pungufu ya ile ya Jumatano. Siku hizo zote nilikuwa nimetembea kwenye vumbi.

"Nani wa zamu siku hizo?" akauliza.

Jina lilikuwa pembeni, kwa mwandiko ulionyooka.

Mkuu wa chuo hakucheka. Kupika vipimo lilikuwa kosa kubwa kwetu. Mwanafunzi aliyekutwa amebuni uzito wa ndama au joto la maziwa alipoteza alama zote za vitendo, na bila alama hizo hakuna cheti, mtu anafunga sanduku lake. Zuhura alikuwa amebakiza muhula mmoja. Mkuu aliniambia niandike taarifa, kikao cha nidhamu kikae baada ya wiki.

Nilimwita Zuhura ofisini. Nikamwonyesha daftari.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hebu nieleze, kwa nini umepika?"

"Sijapika, mwalimu. Maji yalikuwemo."

"Mvua haikunyesha."

"Najua haikunyesha. Lakini maji yalikuwemo."

Nilimwona mkaidi. Nikamwita Lomayani kama mwenyekiti, naye akasema kwa heshima zote kwamba siku yake, Jumapili, na siku za wenzake hakuna tone, hata siku zinazotangulia na kufuata zile za Zuhura hakuna tone. Akajaribu kulainisha: "Mwalimu, labda alitaka daftari lipendeze. Sifuri nyingi zinachosha." Nilikubali maelezo hayo upesi sana. Watano wanasema sifuri, mmoja anasema kuna kitu. Nilihesabu vichwa, nikaandika.

Utaratibu wetu ulikuwa mwanafunzi akangoje uamuzi nyumbani, na barua ya mzazi aibebe mwenyewe. Niliiandika kwa mkono wangu, nikaifunga kwa gundi, nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea kitu kwa mkubwa. Akashuka na begi lake kuelekea barabara ya lami, nami nikarudi kwenye ndama.

Siku ya pili yake nilikuwa jikoni nangoja chai, na Mama Ndeshi, matroni wetu, alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage. Mama Ndeshi alikuwa mkulima wa Akheri hasa, mwenye kihamba chake cha kahawa na migomba kule chini, na alikuwa amelea wanafunzi tangu kabla ya bwalo kuezekwa. Kila nilichokijua juu ya vijana nilikijua kwake. Alikuwa na hasira nami na hakuificha.

"Mmemrudisha nyumbani yule mtoto."

"Mama, amebuni mvua."

"Abuni mvua aifanyie nini? Ataiuza?"

Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamikia jambo jingine kabisa: "Na wasichana wengine wanakuja kila siku kuniomba niwahamishie kamba. Ile kamba yao ya kuanikia, ya pale kwenye miti ya kiwanja chako. Nguo wanaacha zimekauka jioni, asubuhi wanazikuta zinachuruzika. Nawaambia ni umande. Wanasema umande gani huu, kamba ya bweni la wavulana haina."

Niliweka kikombe chini.

"Wanaanika chini ya migrevilea?"

"Si ndiyo hapo hapo. Kwani wewe huendi huko?"

Huendi huko. Nilikuwa mlezi wa klabu ile kwa miaka mitatu na nilikwenda kiwanjani siku za wageni.

Kesho yake nilikwenda alfajiri. Wale mnaoishi upande huu wa Meru mnaijua Julai. Wingu linashuka usiku likakaa juu ya mashamba, huoni mita ishirini, na ikifika saa mbili na nusu jua linalinyanyua lote na mtu wa mjini akija anakuta vumbi na anga safi, anafikiri tunasingizia baridi. Nilisimama karibu na kipimamvua nikiwa na koti na mwavuli umefungwa, kwa kuwa hakukuwa na mvua. Ukungu ulipita kwenye majani ya migrevilea, yale majani membamba yaliyochanika. Kila jani likakusanya. Kisha nikasikia: to. Kimya kidogo. To. Tawi moja lilikuwa limevuka uzio, limekaa juu kabisa ya faneli, linadondosha.

Nilicheka kwa sauti, mtu mzima, peke yangu kwenye ukungu. Furaha ya kujua jambo ni kitu cha ajabu, inakuja kabla ya aibu. Nilizunguka mti, nikaweka kiganja hapa na pale, nikaweka ndoo mbili, moja chini ya tawi na moja katikati ya uwanja. Saa tatu kasorobo ndoo ya uwanjani ilikuwa kavu. Ya chini ya tawi ilikuwa na maji ya kulowesha kidole. Nikafungua kipimamvua. Palikuwa na maji.

Siku hiyo Lomayani alishika zamu ya mwenzake mgonjwa. Nikakaa nyuma ya ghala nione. Saa tatu akatoka darasani, akapita dirisha la jikoni, akapewa kikombe cha uji, akaunywa kwa starehe akiongea na mpishi, akatazama njia ya bwaloni, akapiga vumbi kwa kiatu, akatoa daftari kwapani, akaandika. Hakufika kiwanjani. Aliliacha daftari dirishani akarudi darasani, nami nikaenda kulifungua. Sifuri.

Ndipo nikaelewa jambo la mwisho, lile lililonikalisha chini kwenye gunia la pumba. Mvua ya Jumatano ilikuwa kubwa kuliko ya Jumamosi kwa sababu Jumatano ilikuwa na maji ya siku nne, na Jumamosi ya siku tatu. Hakuna mwingine aliyekuwa akimwaga chupa. Hakuna mwingine aliyekuwa akiifungua. Daftari lote lile lilikuwa na vipimo viwili tu kwa wiki, na vyote viwili nilivipeleka kwenye kikao cha nidhamu.

Nilimwita Lomayani. Nilikuwa na hasira, nilikuwa nimeandaa maneno. Aliposikia hakukana.

"Lakini mwalimu, wewe ndiye uliyesema."

"Nilisema nini?"

"Mwaka jana, baridi kama hii. Tulikuja tukakuambia viatu vinalowa kwenye majani kwenda kusoma sifuri. Ukasema kama vumbi linaruka njia ya bwaloni tuandike sifuri, tusisumbuke."

Sikukumbuka. Kisha nikakumbuka. Nilikuwa nimekaa hapo hapo ghalani, nina ndama anayeharisha, nilitaka waondoke. Na nikakumbuka kwamba Zuhura alikuwa nyuma yao, na aliniuliza, "Na kifaa tusikifungue?" nami nikamjibu, "Ukifungua utapata nini?" Alikuwa amejibu swali langu kwa mwaka mzima, kila Jumatano na kila Jumamosi, kwa mwandiko ulionyooka.

Kikao cha nidhamu kilikaa Ijumaa. Ningependa kuwaambia nilisimama kwa ujasiri. Nilisema nikiwa nimekaa, macho kwenye karatasi. Nilieleza ukungu, tawi, ndoo mbili, chupa ya siku nne. Mkuu wa chuo alisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo waliopika ni wale watano," akasema.

"Ndiyo, mkuu. Kwa maagizo yangu."

"Kanuni inasema aliyepika anaondoka. Unataka niwaondoe watano?"

"Ukiwaondoa, nitangulie mimi."

Mama Ndeshi, ambaye alikaa kwenye vikao vyetu kwa niaba ya mabweni, alijikohoza kidogo. Mkuu aliitazama taarifa yangu, kurasa mbili na nusu, mwandiko safi, akaikunja mara nne akaiweka mfukoni mwake. Sijui aliifanya nini. Akasema watano watasoma kipimamvua kila siku hadi mwisho wa mwaka wakifuatana wote watano, viatu vilowe. Tawi likatwe. Kisha akanigeukia: "Na barua iliyokwenda Ngarenaro?"

"Nitaifuata mwenyewe."

"Leo," akasema.

Nilishuka mjini saa saba mchana. Njia nzima nilipanga hotuba. Nilitegemea hasira, na nilitaka hasira, ingenipumzisha. Mzee wa watu amemsomesha binti kwa kushona, anapokea barua ya chuo inayomwita binti yake mwongo. Hata nilijiuliza kwa nini hajapanda kuja kutufokea. Wazazi wengine walikuja kwa makosa madogo kuliko hilo. Nikadhani labda ameona haya. Nikadhani labda amempiga.

Nilimkuta kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, amekaa nyuma ya cherehani, miwani imefungwa kwa uzi. Zuhura alikuwa ndani kidogo, anapiga pasi suruali ya mteja. Aliponiona aliiweka pasi wima, akanisalimu kama kawaida. Begi lake lilikuwa ukutani pale pale mlangoni, limefungwa zipu. Mzee aliona natazama.

"Hilo hajalifungua tangu afike," akasema. "Karibu mwalimu. Leta kiti, Zuhura."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, mbele ya wateja wawili na muuza kahawa, kwa kuwa nilidhani aibu ya barua ile ilijulikana kwa wengi na maneno haya nayo yasikiwe na wengi. Nikasema binti yako hakudanganya. Nikasema aliyekosea ni mimi, nilimhukumu bila kwenda kuangalia. Nikamwomba radhi mzee, nikamgeukia Zuhura nikamwomba radhi naye. Alitazama chini, akasema, "Asante mwalimu," akairudia pasi. Mzee alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. Alipoona nimemaliza aliitikia kwa kichwa, akashika tena kitambaa, akatafuta alipoishia.

Nilishindwa kuondoka. Mnanijua sasa, napenda kujua. Nikamwuliza, "Mzee, ulipoisoma barua yangu ulifanyaje?"

"Nilimwuliza kama hicho chombo alikifungua. Akasema alikifungua, maji yalikuwemo. Nikarudi kushona."

"Hukumwuliza kingine?"

Aliinua uso, akanitazama juu ya miwani kwa mshangao wa kweli, kama ningeweza kumfundisha jambo.

"Kulikuwa na kingine cha kuuliza?"